Filamu tano za N!xau: ipi ni mwendelezo wa kweli, na ipi uwaonyeshe watoto?

*"Nilipokuwa mdogo tuliangalia ile filamu ya chupa ya Coca-Cola inayoanguka kutoka angani, The Gods Must Be Crazy, tukacheka hadi machozi. Sasa nataka kuwaonyesha wanangu, mmoja ana miaka 7, mwingine 10 na mkubwa 14. Nimepata seti ya sehemu tano. Nilianza na ya tatu kwa sababu jalada lake lilivutia, nikakuta maiti ya Kichina inarukaruka porini. Ya pili nimeiona nusu, haikunichekesha kama ya kwanza. Halafu kwenye nakala yangu watu wanakimbia kasi mno, sijui ni mashine yangu au ni nakala mbovu. Na huyu mkubwa ameniambia amesoma kwamba filamu hii ni ya kibaguzi na kwamba yule mwigizaji mkuu alidhulumiwa. Nianze na ipi, niache ipi, na nimjibu nini mwanangu?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo manne kwa mkupuo, lakini naona linalokukera zaidi ni la mwisho. Unaogopa kwamba kicheko cha utotoni mwako kilikuwa na doa, na sasa uko karibu kuwarithisha watoto doa hilo. Nitafika huko, na sitalipitia juujuu. Kwanza tuanze na jalada, maana ndilo lililokupotosha.

Ulichonunua si hadithi moja yenye sehemu tano. Ni filamu mbili za mtu mmoja, na nyingine tatu za watu wengine kabisa, zilizofungwa pamoja kwa sura ya mwigizaji mmoja. Mbili za mwanzo ziliandikwa na kuongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini. Ya kwanza ilitoka mwaka 1980, ya pili mwaka 1989. Tatu zilizobaki zilitengenezwa Hong Kong, ambako filamu ya kwanza ilikuwa imependwa sana: Crazy Safari ya 1991, Crazy Hong Kong ya 1993, na The Gods Must Be Funny in China ya 1994. Watengenezaji wa huko walimwita N!xau, yule aliyecheza Xi, mwindaji wa jangwa la Kalahari na mhusika mkuu wa filamu ya kwanza, wakamjengea visa vipya. Wasambazaji wa nchi mbalimbali ndio waliozibandika namba tatu, nne na tano ili ziuzike. Uys hakuwa na mkono humo. Kwa hiyo ulipoanza na "ya tatu" hukuwa umeruka sehemu mbili za hadithi, ulikuwa umeingia nyumba ya jirani.

Usiamini namba ya jalada, soma jina la mwongozaji na urefu wa filamu. Ya kwanza ina dakika 109 hivi, ya pili dakika 98 hivi. Nakala nyingi za video za nyumbani zimetengenezwa kwa mfumo wa fremu 25 kwa sekunde ilhali filamu ilipigwa kwa 24, kwa hiyo zinakimbia asilimia 4 zaidi, na dakika 109 zinakuwa kama 105. Ukiona 105, hujakatiwa kitu. Ukiona 90, hapo kuna mtu amepita na mkasi.

Hilo linatuleta kwenye mbio. Fanya jaribio hili: weka sehemu ambayo watu wanakimbia huku msimulizi anaongea, kisha fumba macho usikilize. Sauti ya msimulizi ikiwa ya kawaida, nzito na tulivu, basi nakala yako haina tatizo na mashine yako haina tatizo. Mbio zile ziliwekwa makusudi. Sauti ikiwa nyembamba kama ya mtoto, mashine ndiyo inakimbiza, na dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya kasi na kuirudisha kwenye 1. Ile asilimia 4 niliyoitaja hapo juu huinua sauti kidogo tu, chini ya nusu toni, na wengi hawaitambui.

Jinsi mbio za makusudi zinavyopatikana ni jambo la kuwaeleza watoto, hasa yule wa miaka 10. Kamera haipigi mwendo, inapiga picha mfululizo. Ikipiga picha 24 kwa sekunde na zikaonyeshwa 24 kwa sekunde, mtu anatembea kama anavyotembea. Lakini mpiga kamera akipunguza akapiga 16 tu kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa 24 zilezile, tendo la sekunde tatu linamalizika kwa sekunde mbili. Akishuka hadi 12, kila kitu kinakwenda mara mbili. Ni mbinu ya zamani, tangu enzi za filamu bila sauti, na Uys aliipenda mno. Utaiona pale gari linaposumbua, pale Andrew Steyn, yule mtafiti wa wanyama mwenye haya, anapojikwaa mbele ya mwanamke, pale wapiganaji wanapokimbizana. Hutaiona kwa kiwango hicho Xi anapokuwa peke yake na jamaa zake. Mwongozaji amewapa watu wa mjini mwendo wa kuku aliyekoswakoswa na mwewe, na watu wa Kalahari mwendo wa binadamu. Waambie watoto waangalie hilo, ni ufunguo wa filamu nzima.

Kama picha yenyewe inaonekana imevutwa, tazama magurudumu ya lile gari la Land Rover linapopita kwa ubavu. Yakiwa mviringo kamili, sawa. Yakiwa kama yai, televisheni yako imewekwa ijaze kioo kizima, nenda uirudishe kwenye umbo la asili la picha. Mistari myeusi juu na chini ni ya kawaida, usiikimbie.

Sasa, kwa nini ya kwanza inachekesha na ya pili ilikuacha baridi? Wengi hujibu kwamba "ya kwanza ni ya kwanza", yaani kwamba kitu kikirudiwa huchuja. Sikubaliani. Filamu ya kwanza imejengwa juu ya kitu kimoja, chupa, na chupa ile ina sifa ambayo hakuna kitu katika filamu zilizofuata kinayo: ni moja tu, na haigawanyiki. Rubani anaitupa, inaanguka bila kupasuka, na jamaa wa Xi wanaigundulia kazi baada ya kazi. Wanalainishia ngozi, wanatwangia mizizi, wanapuliza mdomo wake kupata muziki, wanachapia alama za duara. Kila siku inapatikana kazi mpya, na kila mtu anaihitaji wakati uleule. Kwa mara ya kwanza kunatokea ugomvi, na mtoto anapigwa nayo kichwani. Xi anairusha juu kuirudishia miungu, inarudi chini. Anaizika, inafukuliwa. Wanakaa kikao, na uamuzi unakuwa kwamba aipeleke hadi mwisho wa dunia akaitupe huko.

Angalia jinsi ilivyosukwa. Ndani ya robo saa tumepata safari yenye sababu ambayo hata mtoto wa miaka 7 anaielewa bila maelezo. Baada ya hapo Uys anaweza kuleta visa vingine viwili vilivyo mbali kabisa: Kate Thompson anayeacha kazi ya gazeti mjini akafundishe shule ya kijijini, na Sam Boga anayejaribu kumuua rais wa nchi ya kubuni kisha anakimbilia porini na watu wake. Visa hivi vitatu havijuani. Tunaangalia kwa sababu tunajua vitagongana, na Xi na chupa yake ndiye anayevipitia vyote bila kuelewa hata kimoja. Kicheko kinatoka hapo: yeye anaangalia mambo yetu ya kawaida, gari, bunduki, gereza, nguo, na kila kimoja kinageuka kuwa kitu cha ajabu. Anapomuona Kate anamwona mbaya wa sura kupita kiasi. Anapofungwa kwa kosa la mbuzi, haelewi mbuzi ana mwenyewe vipi.

Na vichekesho vya vitendo vimesanifiwa kwa subira. Chukua lile gari la Steyn ambalo Mpudi, msaidizi wake, analiita Mpinga Kristo. Breki hazishiki, na injini ikizimwa kuiwasha tena ni kazi. Kwa hiyo akifika kwenye geti, Steyn hawezi kusimama akafungua kama mtu mwingine. Lazima aruke nje gari likiwa linatambaa, akimbilie geti, alifungue, alikimbize gari, arudi alifunge, atafute jiwe la kuweka gurudumuni. Kwanza tunaonyeshwa ubovu, kisha tunaonyeshwa geti, halafu tunaachwa tufanye hesabu wenyewe kabla hajaanza kukimbia. Baadaye winchi ya gari hilohilo inalipandisha juu ya mti. Kila kichekesho kinatumia ubovu tuliokwisha kuuona. Hakuna kilichodondoka tu.

Katika filamu ya pili ufundi huo bado upo, ila nguzo imeondoka. Watoto wawili wa Xixo (ndivyo N!xau anavyoitwa humo), Xiri na Xisa, wanapanda kwenye gari la majangili kwa udadisi na kuchukuliwa nalo. Baba anafuata alama za magurudumu. Wakati huohuo mwanasheria kutoka New York, Ann Taylor, anaanguka porini pamoja na mtaalamu wa wanyama, Stephen Marshall, wakiwa na kindege kidogo chepesi. Na kuna askari wawili wa pande mbili za vita, mmoja wa Kuba na mmoja Mwafrika, wanaotekana kwa zamu, kila mmoja akimpokonya mwenzake bunduki. Ukihesabu, kila mtu anamtafuta mtu mwingine. Ni mbio tupu. Baba kutafuta wanawe ni sababu nzito kuliko chupa, na nadhani uzito huo ndio tatizo: hatuwezi kucheka kwa moyo mweupe huku watoto wamepotea, na hakuna tena kile kitu kigeni kinachotufanya tujitazame kwa macho ya Xi. Kindege kimechukua nafasi ya gari, mwanamke wa mjini ni yuleyule kwa jina jipya, mtaalamu mwenye haya ni yuleyule.

Hata hivyo usiitupe. Umeona nusu, na pengine umeacha kabla ya mazuri. Mtoto aliye peke yake nyikani, fisi anamfuata, naye anainua kipande cha gome juu ya kichwa ili aonekane mrefu kuliko fisi. Tukio hilo halina maneno karibu yoyote, linaogopesha na kuchekesha kwa pamoja, na kwangu ni miongoni mwa mazuri aliyowahi kupiga Uys. Na lile la nyegere anayeng'ata kiatu cha Marshall akakataa kuachia, wanao watalirudia wiki nzima. Wale askari wawili nao wanastahili kutazamwa na mkubwa wako, kwa sababu mzaha wao una hoja: kila mmoja ni mateka kwa jinsi ileile alivyokuwa mtekaji.

Kuhusu zile tatu za Hong Kong nitakuwa mfupi. Crazy Safari si filamu mbovu ukijua unachoangalia. Ile maiti inarukaruka kwa sababu ni jiangshi, maiti ya visasili vya Kichina: mwili umekauka, viungo havikunji, kwa hiyo unasogea kwa kuruka mikono ikiwa mbele. Husimamishwa kwa karatasi ya manjano yenye maandishi ikibandikwa kwenye paji la uso, na hukutafuta kwa pumzi, ndiyo maana watu wanabana pua. Anayeiongoza ni Lam Ching-ying, aliyejulikana sana kwa nafasi ya padri wa Kitao (dini ya jadi ya China) katika Mr. Vampire ya 1985. Watazamaji wa Hong Kong walikuwa wanaijua aina hiyo ya filamu kwa miaka, na hapa walipewa mchanganyiko wake na N!xau. Kuna hata tukio ambalo roho ya Bruce Lee inaitwa na kumwingia N!xau. Anayetaka hadithi ya chupa atakasirika. Anayetaka purukushani atafurahi. Mbili zilizobaki zinamchukua N!xau kutoka porini na kumweka Hong Kong na kisha China, na kadiri anavyosogea mbali na nchi yake ndivyo anavyobaki kuwa mtu wa kuchekwa, si mtu ambaye kwa macho yake tunajicheka. Hizo mbili ningeziacha.

Sasa mwanao wa miaka 14. Ana haki ya kuuliza, na jibu baya kuliko yote ni "ni vichekesho tu". Jibu la pili kwa ubaya ni kuificha filamu kabatini. Mpe ukweli wenye vipande vyake.

Filamu ilitengenezwa wakati wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, na mwongozaji Mzungu. Sehemu za Kalahari zilipigwa Botswana na katika eneo la Tsumkwe, kaskazini mashariki mwa Namibia, nchi ambayo wakati huo ilitawaliwa na Afrika Kusini na ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Nje ya nchi filamu ilitangazwa kama ya Botswana, kwa kuwa bidhaa za sanaa za Afrika Kusini zilikuwa zinasusiwa. Humo ndani, wapiganaji wa msituni ni mazuzu wasiojua wanachokipigania, na hilo lilionyeshwa wakati watu halisi wa kusini mwa Afrika walikuwa wanakufa kwa ajili ya ukombozi. Waliolalamika walikuwa na hoja.

Kubwa zaidi ni msimulizi. Sauti yake ni ya filamu za wanyama, na haikutokea kwa bahati: kabla ya hii Uys alikuwa amepiga Animals Are Beautiful People ya 1974, kuhusu wanyama wa kusini mwa Afrika, yenye mtindo uleule wa kusimulia kwa utani. Sauti hiyo inapowaelezea Wasan, yaani watu wa asili wa Kalahari kama jamaa wa Xi, kwa namna iliyowaelezea nyani, mtazamaji anaamini anapewa elimu. Hapewi. Msimulizi anasema hawa watu hawana umiliki, hawana ugomvi, hawajawahi kuona vitu vya nje. Wajuǀʼhoansi, kundi la Wasan ambalo N!xau alitoka, wana neno n!ore: eneo lenye maji na chakula ambalo mtu hulirithi kwa wazazi, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kutumia. Wana pia hxaro, mtandao wa kupeana zawadi unaomfunga mtu na mwenzake kwa miaka mingi, wenye kumbukumbu kali ya nani alimpa nani nini. Na mwanaanthropolojia Richard Lee, aliyefanya utafiti Dobe nchini Botswana, aliorodhesha mauaji 22 kati ya miaka ya 1920 na 1955. Ni binadamu, wana mali, wivu, sheria na usuluhishi.

Mawindo nayo yamepambwa. Filamu inadai mshale wa Xi unamlaza mnyama usingizi, kisha anamwomba radhi. Sumu halisi ya mishale ya Wajuǀʼhoansi hutolewa kwa viluwiluwi vya mbawakawa aitwaye Diamphidia, na inaua. Mnyama mkubwa huweza kutembea saa nyingi, hata zaidi ya siku, kabla ya kuanguka, na ndiyo sababu ufuatiliaji wa nyayo ni ujuzi mkubwa kuliko kulenga. Na kifaru hazimi moto. Tukio lile ambalo kifaru anakanyagakanyaga moto wa kambi na Kate anakataa kuamini, wengi wamelibeba kama elimu ya wanyamapori. Hakuna ushahidi wa tabia hiyo, ni masimulizi tu.

N!xau hakuokotwa nyikani akiwa hajaona gari. Alikuwa mpishi wa shule Tsumkwe. Watu wake walikuwa wamekusanywa kwenye makazi, wengi wakiishi kwa mgao wa unga, na mwishoni mwa miaka ya 1970 jeshi la Afrika Kusini lilikuwa linaandikisha vijana wao. Nguo za ngozi alizovaa ni mavazi ya kuigizia, na mshangao wake ni kazi ya uigizaji. Hapo ndipo ningependa mwanao atue kidogo, maana watetezi wa filamu na wapinzani wake mara nyingi humnyima N!xau kitu kilekile: kwamba alikuwa mwigizaji. Muda wake wa kuchekesha ni wa mtu anayejua anachofanya. Tazama uso wake anapoishika chupa, tazama anavyongoja kabla ya kugeuka.

Kuhusu malipo, kwa filamu ya kwanza alilipwa kidogo sana ukilinganisha na mamilioni ya dola iliyoingiza. Kwa ya pili alidai zaidi na akapata. Baadaye aliishi Namibia kwenye nyumba ya matofali, akalima. Alifariki Julai 2003 akiwa na kifua kikuu, umri wake ukikadiriwa karibu miaka 59, kwani tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Utasikia pia kisa kwamba noti zake za kwanza aliziacha zipeperushwe na upepo kwa kuwa hakujua pesa ni nini. Kisa hicho kinalingana mno na filamu, na hakilingani na mpishi wa shule mwenye mshahara. Usimpe mtoto kisa hicho kama ukweli.

Kuna filamu ya hali halisi ya John Marshall ya mwaka 1980, N!ai, the Story of a !Kung Woman, inayofuata maisha ya mwanamke mmoja wa Tsumkwe tangu utoto wake. Ndani yake yumo Uys na kikosi chake wakipiga tukio la The Gods Must Be Crazy palepale. Iangalie na mkubwa wako, wawili tu, baada ya ile ya vichekesho. Ina maneno makali, ulevi na huzuni, kwa hiyo wadogo wasiwepo.

Mpangilio wenyewe ningeufanya hivi. Angalia ya kwanza peke yako kabla, hata kwa kuruka. Mapema kuna tukio la watu wenye bunduki kuvamia mkutano wa mawaziri na kuua, na lina damu. Kwa wa miaka 7 lipite. Baadaye kuna mateka watoto wa shule, lakini hapo mambo yanaishia kwenye ujanja, kwa sababu Xi anatumia vishale vidogo vyenye dawa ya usingizi. Kuna pia mzaha wa sketi kunaswa kwenye mti wa miiba na nguo za ndani kuonekana, ukijua familia yako utaamua. Kabla ya kuwasha, sema sentensi mbili tu: "Anayesimulia atasema mambo kuhusu hawa watu ambayo si kweli. Mtaniambia mnadhani ni yapi." Hiyo inatosha. Ukihutubia dakika kumi watakuchoka na watamchukia hata N!xau. Ya pili iweke wiki nyingine, si siku ileile, la sivyo visa vitachanganyika na ya pili itaonekana nakala ya kwanza. Crazy Safari mwachie wa miaka 10 na mkubwa kama wanapenda purukushani. Wa miaka 7 maiti ile inaweza kumsumbua usiku. Kuogopa siku mbili tatu ni kawaida, lakini akikosa usingizi kwa wiki kadhaa au akikataa kulala peke yake ilhali alikuwa analala, muone mhudumu wa afya ya watoto ana kwa ana, usiliache lijiishie.

Ukifikiria kuionyesha darasani au ukumbini, hilo si sawa na sebuleni. Nakala ya nyumbani haikupi ruhusa ya hadhara. Zungumza kwanza na uongozi wa mahali penyewe na mwenye haki za kusambaza katika nchi yako, na kama ni darasa, mwalimu wa historia awepo ili maswali ya ubaguzi wa rangi yapate mtu wa kuyajibu palepale.

Watoto watataka kujua jina lake linatamkwaje. Alama ya mshangao katika N!xau ni mlio wa ulimi: bandika ncha ya ulimi juu, nyuma kidogo ya ufizi, nyonya, kisha uibandue ghafla kwenda chini, usikike mlio kama kizibo kikitoka kwenye chupa. Milio ya jamaa hiyo imo pia katika Kisandawe na Kihadza vya Tanzania, ingawa lugha hizo si ndugu wa karibu wa Kijuǀʼhoan. Wajaribu, watashindwa mara kumi za kwanza.

Na mwishoni kabisa, Xi anapofika ukingoni, simamisha picha uwatolee ramani. Mwisho wa dunia anaoufikia ni mahali halisi, God's Window, genge la Mpumalanga mashariki mwa Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tsumkwe. Lile wingu jeupe chini ya miguu yake, ambalo linaonekana kama dunia imekatika, ni ukungu uliojaa bondeni. Kisha achia iendelee, aitupe chupa, arudi kwa watoto wake.